Nani Alitangulia Kufa?

Katika mambo ambayo watu wengi huyaona madogo ni tarehe ya kifo. Mtu akishazikwa, khitma ikasomwa na tanga likaanuliwa, siku aliyofariki hubaki vichwani mwa watu wachache, nao wakiondoka huondoka nayo. Lakini katika elimu ya mirathi, ambayo Waislamu tumehimizwa kuisoma na kuifundisha, siku hiyo ndiyo ufunguo wa kila kitu. Anayerithi ni yule aliyekuwa hai wakati mwenye mali alipokata roho. Aliyetangulia, ijapokuwa kwa siku moja, hana fungu. Aliyebakia, ijapokuwa kwa saa moja, fungu lake limethibiti. Kwa hiyo tarehe ya kifo cha mtu mmoja yaweza kuwa ndiyo haki ya mtu mwingine, na ya watoto wake, na ya wajukuu wake ambao pengine hawajui kwamba wana haki hiyo.

Sisi tunaoandika haya ni wajukuu na vitukuu wa mzee mmoja wa Upare ya Kusini. Tumeandika kwa sauti moja kwa kuwa kazi yenyewe ilikuwa ya pamoja: wengine walipanda mlimani kuwahoji wazee, wengine walikaa maktaba Dar es Salaam, wengine walisafiri hadi Korogwe. Majina ya jamaa zetu tumeyaacha, maana yatoshe kwetu sisi wenyewe. Tunalotaka ndugu msomaji alichukue ni njia tuliyopita, huenda naye anayo safari kama hiyo inayomngoja.

Wasia wa babu mdogo

Baba wa babu yetu, ambaye sote humwita Babu Mkuu, aliacha shamba mlimani, juu ya Gonja, wilayani Same. Lina migomba, mibuni michache na siku hizi tangawizi, na hunyweshwa kwa mfereji utokao katika ndiva ya ukoo. Kwa msomaji asiyeijua milima yetu, ndiva ni bwawa ambalo Wapare wamelijenga tangu kale kukinga maji ya kijito wakati wa usiku, ili asubuhi yafunguliwe yaende mashambani kwa zamu. Shamba hilo halikugawanywa Babu Mkuu alipofariki. Watoto wake wawili wa kiume, yaani babu yetu na mdogo wake, walililima pamoja. Watoto wao nao wakalilima pamoja. Mpaka leo zamu ya maji ya shamba lile hutajwa kwa jina la Babu Mkuu, kana kwamba yu hai na jembe lake liko begani.

Babu mdogo ndiye aliyekuwa wa mwisho kuondoka. Katika ugonjwa wake wa mwisho alituita, akatuusia jambo moja: shamba lisigawanywe mpaka dada yake atafutwe. Wengi wetu ndipo tuliposikia kwa mara ya kwanza kwamba Babu Mkuu alikuwa na binti. Alikuwa mtoto wa mke wa kwanza, mkubwa kuliko wale ndugu wawili wa kiume, na aliolewa wakati babu mdogo angali mtoto wa kuchunga mbuzi. Mumewe alikuwa mtu wa kazi za mkonge, upande wa Korogwe. Mama yake binti huyo alipofariki, safari za kuja nyumbani zilipungua, kisha zikakoma. Babu mdogo alikumbuka jina moja tu la dada yake, jina la Kipare la utotoni. Jina la shemeji yake lilikuwa limemtoka.

Baada ya maziko tulikwenda kwa sheikh kumuuliza jinsi ya kugawa. Kabla hajajibu alituuliza yeye: "Nani alitangulia kufa, baba au binti?" Hatukuwa na jibu. Akatueleza kwamba ikiwa binti alitangulia, basi hana fungu, na watoto wake nao hawalipati kwa njia yake, kwa kuwa marehemu aliacha watoto wa kiume. Lakini ikiwa baba ndiye aliyetangulia, basi fungu la binti lilikuwa mali yake tangu siku ile ile. Halikungoja kugawanywa ndipo liwe lake. Halikuchakaa kwa kukaa miaka mingi, wala halikupotea kwa yeye kuwa mbali. Naye alipokufa likahamia kwa warithi wake, wakijulikana au wasijulikane. Wanavyuoni huliita jambo hili munasakha, yaani mirathi iliyopandana juu ya mirathi kabla ya ile ya kwanza kugawanywa. Basi tukaondoka kwa sheikh tukiwa tunatafuta tarehe mbili.

Sanduku la bati

Mahali pa kwanza pa kutafutia ni nyumbani. Profesa Isaria Kimambo, mwana wa Upare, alipoandika historia ya siasa ya Wapare katika kitabu kilichotoka mwaka 1969, kazi kubwa aliyoifanya ilikuwa kuwasikiliza wazee wa koo mbalimbali na kulinganisha simulizi zao. Nasi tulianza hivyo hivyo. Wazee wa mlimani hawataji miaka kwa tarakimu; wanataja matukio. Ukiwauliza mtu fulani alizaliwa lini, watakujibu kwa njaa, kwa nzige, kwa vita au kwa reli. Kazi ya mtafutaji ni kuyageuza matukio hayo kuwa miaka.

Wazee walituambia kwamba Babu Mkuu alikuwa mvulana wa kuchunga wakati reli ilipokuwa inapita chini ya milima. Reli ya kutoka Tanga ilifika Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911. Kwa hiyo tukajua kwamba alizaliwa karibu na mwisho wa karne ya 19. Wakatuambia pia kwamba alifariki "baada ya Mbiru". Mbiru ni neno ambalo kila mzee wa Upareni analijua. Katika miaka ya vita ya 1940, serikali ya Waingereza ilileta kodi mpya iliyotozwa kwa kukadiria mali ya kila mtu, na Wapare wakaikataa. Januari 1945 maelfu ya wanaume waliteremka kutoka milimani, wakaja Same, makao makuu ya wilaya, wakapiga kambi kwa miezi mingi wakidai iondolewe. Wanawake nao baadaye wakateremka kuwaunga mkono waume zao. Mwishowe kodi ile ikaondolewa. Babu Mkuu alikuwa miongoni mwa waliolala Same. Basi alikuwa hai mwaka 1945. Lakini "baada ya Mbiru" yaweza kuwa mwaka mmoja, yaweza kuwa 10.

Jibu lilikuwa ndani ya sanduku la bati lililokaa chini ya kitanda cha bibi, mjane wa babu mdogo. Ndani yake mlikuwa na stakabadhi za kodi na Msahafu wa kale uliofungwa kwa kitambaa.

Stakabadhi zilitufundisha jambo ambalo hatukulitegemea. Kodi ya nyumba ililetwa na Wajerumani mwaka 1898, nao Waingereza wakaiendeleza. Mwenye nyumba mbili alilipia mbili. Tulikuta stakabadhi mbili za mwaka 1938 zenye jina la Babu Mkuu, na moja tu ya mwaka 1943. Karani aliyeziandika alikuwa anatafuta shilingi. Hakuwa na nia ya kuhifadhi habari za ndoa za mtu. Lakini bila kukusudia aliandika kwamba mwaka 1938 mzee huyu alikuwa na nyumba mbili, na miaka mitano baadaye alikuwa na nyumba moja. Mke wa kwanza, ambaye vijana wa ukoo walikuwa hawamtaji tena, alikuwa ameacha alama yake katika kipande cha karatasi ya kodi.

Msahafu ukakamilisha habari. Katika kurasa tupu za mwisho, nje ya Aya tukufu, mwalimu wa chuo wa zamani alikuwa ameandika vizazi na vifo vya nyumba ile kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Mmoja wetu aliyesoma herufi hizo alitusomea. Mke wa kwanza alifariki mwaka 1360 wa Hijria, ambao karibu wote umo ndani ya mwaka 1941. Babu Mkuu alifariki mwezi wa Rajabu 1366. Tulipiga hesabu, tukaona kwamba Rajabu ya mwaka ule iliangukia kati ya Mei na Juni 1947. Nusu ya swali la sheikh ikawa imejibiwa. Binti mwenyewe ameandikwa mle kwa kuzaliwa tu, kwa lile jina la Kipare alilolikumbuka babu mdogo, na baada ya hapo kurasa zimenyamaza.

Serikali huhesabu

Tulipotoka nyumbani tulikwenda katika kumbukumbu za serikali. Lazima tuseme wazi kwa ndugu wenye kutarajia kwamba huko watakuta cheti cha kuzaliwa cha babu wa babu yao: sheria ya kuandikisha vizazi na vifo ya mwaka 1920 haikuwalazimisha Waafrika kujiandikisha, na wengi wa wazee wetu walizaliwa, wakaoa na wakafa bila jina lao kuingia katika daftari hilo.

Nyaraka za Taifa, zilizoko Upanga, Dar es Salaam, ambazo leo zinasimamiwa chini ya Sheria Na. 3 ya mwaka 2002, zimehifadhi majalada ya Wajerumani na ya Waingereza. Mwenye kwenda huko aende na subira na ajue mambo mawili. La kwanza ni kwamba miji imevaa majina mengine. Lushoto aitafute kwa jina la Wilhelmstal, na asishangae kuona mambo ya Upare ya Kusini ya wakati wa Wajerumani yamo humo. Moshi imeandikwa Moschi. Gonja imeandikwa Gondja. La pili ni kwamba watu nao wana majina zaidi ya moja. Mpare wa zama hizo alikuwa na jina la nyumbani, jina la ukoo kama Mbwambo, Mshana au Mgonja, na akisilimu jina la Kiislamu lenye "bin" na jina la baba. Karani mgeni aliandika lile alilolisikia kwanza, kwa hijai aliyoizoea. Mtu mmoja aweza kuwa watu watatu katika majalada matatu.

Lakini somo kubwa tulilolipata ni jingine. Kumbukumbu za dola humwandika mtu kwa kile dola inachokitaka kutoka kwake. Mwenye cheo anatajwa kwa jina, raia anahesabiwa. Watu wa Mbiru wameandikwa kuwa ni maelfu, na Babu Mkuu yumo ndani ya neno hilo maelfu, bila jina.

Kaka yake Babu Mkuu ana habari nzito zaidi. Mei 1916 majeshi ya Waingereza yaliteremka kando ya milima ya Pare yakiwafukuza Wajerumani, na pande zote mbili zilikuwa zikiwachukua watu kubeba mizigo. Kaka mtu alichukuliwa kuwa mpagazi, hakurudi, na hakuna aliyeleta habari zake. Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti iliyokiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine wakafika 350,000, waliokufa katika utumishi wa vita ile hawakuandikwa kwa majina yao popote, au hawakukumbukwa kabisa; na wengi wao walikuwa watu wa Afrika Mashariki na Misri. Jina la Kariakoo, lililotokana na kikosi cha wapagazi hao, tunalitamka kila siku tunapokwenda sokoni Dar es Salaam. Majina yao wenyewe hatunayo. Katika fiqhi mtu wa namna hii huitwa mafkudi, aliyepotea bila kujulikana uhai wake wala kifo chake, na mambo yake husimama mpaka kadhi aamue. Wazee wetu walimngoja miaka mingi kabla ya kumsomea khitma.

Ikiwa mwanamume aliyelipa kodi na kubeba mizigo hakupewa jina, basi binti yake, ambaye hakulipa kodi wala hakubeba mzigo wa jeshi, angetajwa katika daftari lipi?

Habari ziwafikie

Hapo ndipo tulipogeukia tanzia. Dola humwandika mtu kwa kile anachodaiwa. Tanzia humwandika kwa wale anaowaacha. Ndani ya tangazo dogo la kifo mna baba na mama, mahali pa kuzaliwa, kazi, watoto, na miji waliko jamaa. Mwanamke asiyekuwamo katika daftari lolote humo hutajwa, kwa kuwa ni mama wa mtu.

Jambo hili si geni kwa Waislamu. Wanavyuoni wa Hadithi walichunguza tarehe za vifo vya wapokezi ili kujua kama mtu anayedai kumsikia sheikh fulani aliwahi kuishi naye zama moja. Dai lililogongana na tarehe lilianguka. Ibn Khallikan, aliyefariki mwaka 1282, alitunga kamusi kubwa ya watu mashuhuri iliyobeba neno vifo katika jina lake. Na hapa kwetu Sheikh Abdallah Saleh Farsy alituandikia kwa Kiswahili habari za wanavyuoni wa Kishafi wa Afrika Mashariki: walisoma kwa nani, walimsomesha nani, walifariki lini. Wapo pia waliowaandika wazee wa nyumbani mwao. Habari za maisha ya Kleist Sykes, mmoja wa waasisi wa African Association, ziliandikwa na mjukuu wake, Daisy Sykes Buruku, katika kitabu cha wasifu wa Watanzania kilichohaririwa na John Iliffe na kutoka mwaka 1973. Mjukuu akishika kalamu, babu hapotei.

Wasomaji wa umri mkubwa watakumbuka matangazo ya vifo ya Radio Tanzania Dar es Salaam. Nyumba nzima ilinyamaza. Mtangazaji akasoma jina la marehemu, jina la mwenye kutangaza, kisha ile orodha ndefu ya jamaa na miji waliko, iliyoanza kwa maneno "habari ziwafikie". Matangazo yale yaliunga udugu nchi nzima, lakini sauti hupita. Magazeti hubaki. Maktaba Kuu ya Taifa, iliyofunguliwa mwaka 1967, ni mahali mojawapo pa kuyasoma ya zamani.

Vijana wetu wanaoishi Dar es Salaam waligawana miaka na magazeti. Walisoma kurasa za tanzia na kumbukumbu peke yake, wakitafuta majina matatu ya mahali yakiwa pamoja: Korogwe, Gonja na Same. Kazi hiyo ilichukua mwaka mzima na zaidi. Walipolipata, lilikuwa tangazo fupi la mwaka 1994. Mstaafu mmoja wa reli alikuwa amefariki Tanga. Alizaliwa Korogwe. Mama yake mzazi, aliyekwisha kutangulia mbele ya haki, alitajwa kwa jina la Kiislamu ambalo hatukulijua, likafuatiwa na neno "binti" na jina la Babu Mkuu pamoja na ukoo wake. Na mwisho wa tangazo paliandikwa kwamba habari ziwafikie ndugu wa Korogwe, Muheza, Same na Gonja.

Ndugu msomaji, tulilisoma tangazo lile mara nyingi. Watu wale walikuwa wakituita. Walijua kwamba wana ndugu Same na Gonja, wakalipia mistari ya gazeti ili sisi tupate habari ya msiba wao. Gazeti halikupanda mlimani siku ile, na habari haikufika mpaka miaka mingi ilipopita.

Hata hivyo, jina la baba si ushahidi wa kutosha, kwa maana watu wanaoitwa jina moja ni wengi. Tulikwenda Korogwe tukiwa na nakala ya tangazo, tukaanzia msikitini. Imamu wa mtaa alitupeleka kwa bibi mmoja mkongwe, dada yake yule marehemu wa reli. Hatukumwambia jina tulilolitafuta. Tulimuuliza mama yake aliitwaje alipokuwa mtoto. Akalitaja lile jina la Kipare. Tukamuuliza mama yake alikuwa akisimulia nini kuhusu kwao. Akasema alikuwa akisimulia maji yaliyofunguliwa asubuhi, akaitaja ndiva ya ukoo wetu kwa jina lake. Yeye mwenyewe hajawahi kufika Gonja hata siku moja.

Tulimuuliza mama yake alifariki lini. Akajibu kama wanavyojibu wazee wa mlimani: wakati askari wetu wako Uganda. Ilikuwa Vita vya Kagera. Mwanawe akaleta bahasha, na ndani yake mlikuwa na kibali cha mazishi cha katikati ya Mei 1979. Basi baba alitangulia mwaka 1947, na binti akaishi baada yake miaka 32. Swali la sheikh likawa limejibiwa lote.

Sehemu 40

Tulimrudia sheikh. Babu Mkuu alipofariki, wazazi wake walikuwa wamekwisha kutangulia, na mke wa kwanza pia. Aliacha mjane mmoja, watoto wawili wa kiume na binti mmoja. Hakuacha deni lililojulikana wala wasia. Mjane, kwa kuwa kuna watoto, ana thumni. Kinachobaki ni cha watoto, mwanamume akipata mara mbili ya fungu la mwanamke, kama ilivyo katika Suratun Nisaa. Hesabu ikasimama juu ya sehemu 40: mjane 5, kila mtoto wa kiume 14, na binti 7. Kisha kila fungu likateremshwa kwa warithi wa mwenye fungu, kizazi baada ya kizazi.

Saba katika 40 si eneo kubwa kwa shamba la mlimani. Walikuwapo miongoni mwetu waliouliza kwa nini tuisumbue ardhi kwa ajili ya watu ambao hawakuidai. Walikumbusha kwamba kwa mila ya Upareni shamba la ukoo ni la wanaume, na kwamba hata tangazo la serikali la sheria za mila la mwaka 1963 liliwaweka mabinti nyuma ya kaka zao. Jibu lilitoka kwa mama mmoja wa ukoo, ambaye aliuliza: "Kama angekuwa mwanamume aliyepotelea Korogwe, mngesema hivyo?" Hapakuwa na mtu aliyemjibu. Mwenyezi Mungu katika Sura hiyo hiyo amewapa wanawake fungu katika kilichoachwa na wazazi, kiwe kidogo au kingi, na amelifanya kuwa faradhi. Hakulifunga kwa sharti la kulidai. Tena dawa ya deni ni kulipa.

Ndugu wa Korogwe walipanda mlimani watu tisa. Kuhusu mazao yaliyokwisha kuliwa na waliotangulia, walisema wamesamehe duniani na Akhera. Fungu lao walilipokea. Wakaomba liwe upande wa juu, karibu na mfereji. Miongoni mwao wamo wajukuu Wakristo, jambo ambalo Upareni si la ajabu, kwani koo nyingi zina watu wa dini zote mbili chini ya jina moja. Mirathi haipiti baina ya Mwislamu na asiyekuwa Mwislamu, lakini hiba haina kizuizi hicho, na warithi kwa hiari zao waliwakatia wale ndugu zao kipande katika mafungu yao wenyewe. Siku ile zamu ya maji ilikuwa yetu. Bibi mkongwe hakuweza kupanda njia ile ya mlima. Mwanawe ndiye aliyefungua maji, akampigia simu ili asikie yanavyoshuka.

Tuandike

Tumejifunza kwamba mambo ya wafu wetu hayapotei siku wanapokufa. Yanapotea siku tunapokosa kuyaandika. Kwa hiyo tunawanasihi ndugu zetu Waislamu mambo machache ambayo hayagharimu kitu.

Kila nyumba iwe na daftari la nasaba, mbali na Msahafu, liandikwe vizazi, ndoa, talaka na vifo, kwa tarehe za Hijria na za miladia. Mabinti waandikwe sawasawa na wavulana, na wakiolewa iandikwe wameolewa na nani, na wapi. Tanzia ikiandikwa, mama wa marehemu atajwe kwa jina lake na jina la baba yake, isiandikwe "mama fulani" peke yake. Na jina la utotoni lisionewe haya. Mahali alipotokea marehemu patajwe mpaka kijiji. Kibali cha mazishi na cheti cha kifo vihifadhiwe, kwani vitaulizwa na watu ambao bado hawajazaliwa. Na mali ikibaki, igawanywe mapema, wakati wanaojua nani alitangulia wangali hai.

Mtume wetu (s.a.w.) ametuelekeza tuzijue nasaba zetu kwa kadiri ya kutuwezesha kuunga udugu. Kujua nasaba kwa ajili ya kujifakharisha hakuna faida. Faida ni mtu kujua ni nani wa kumtembelea, nani wa kumtolea salamu ya Idi, na nani mwenye haki iliyomo mikononi mwake.

Nasi tumeanza daftari letu. Mstari wa kwanza tulioandika kwa mkono wetu, chini ya nakala ya ile iliyoandikwa na mwalimu wa chuo, ni wa bibi yetu wa Korogwe: majina yake yote mawili, jina la baba yake, na kwamba alifariki mwezi wa Jumadal Ukhra 1399. Mwenyezi Mungu amrehemu yeye, na baba yake, na yule kaka wa baba yake asiyejulikana kaburi lake, na awarehemu wafu wa Waislamu wote. Amin.